Oili inavuja juu ya injini? Usikimbilie kukaza bolti

Ukifungua boneti ukakuta injini imelowa oili kuanzia juu, na vumbi la barabarani limegandia hapo kama tope jeusi, mara nyingi tatizo liko kwenye gasketi ya kifuniko cha juu cha injini. Mafundi wengi hukiita tapeti kava. Gasketi yenyewe ni raba nyembamba, bei yake ni ndogo ukilinganisha na spea nyingi, na mtu mwenye mkono mtulivu na spana chache anaweza kuibadili mwenyewe nyumbani kwa nusu siku.

Hata hivyo, watu wengi huikosea kazi hii kwa namna ile ile. Wanaona oili, wanachukua spana, wanakaza bolti. Mvujo unapungua kwa siku chache, kisha unarudi ukiwa mkubwa kuliko mwanzo. Makala haya yanaeleza kwa nini inakuwa hivyo, na jinsi ya kuifanya kazi hii ili isirudiwe.

Mfano wetu ni injini ya Toyota 1NZ-FE ya lita moja na nusu, iliyomo kwenye Probox, IST na baadhi ya Vitz. Ndiyo injini ya michomoko mingi inayobeba abiria na mizigo kati ya vijiji na miji. Kama gari lako lina injini nyingine ya petroli ya silinda nne, hatua nyingi zitafanana, ila mpangilio wa bolti na mipira unaweza kutofautiana.

Kifuniko hiki kinafanya kazi gani

Juu ya injini kuna shafti mbili zinazofungua na kufunga vali. Pampu hupandisha oili hadi huko ili vyuma visisagane, kisha oili hiyo huteremka yenyewe kurudi chini kwenye sampu. Kifuniko cha juu kinazuia oili isiruke nje na vumbi lisiingie ndani. Kati ya kifuniko na injini ndipo gasketi ilipo.

Raba ya gasketi inapata moto mkali kila gari linapotembea, na inapoa kila linapolala. Miaka ikipita hukakamaa kama kandambili iliyosahaulika juani. Ikiwa mpya, ukiibonyeza inarudi. Ikizeeka, hubaki ilivyobonyea, na oili hupata upenyo.

Ndiyo maana kukaza bolti hakusaidii. Raba iliyokufa haifufuki kwa kubanwa zaidi. Ukizidisha nguvu, kifuniko kinapinda, raba inapasuka, au uzi wa bolti unang'oka ndani ya alumini. Hapo mvujo uliohitaji raba moja unageuka kuwa kazi ya kutafuta kifuniko kingine au kuchongesha uzi upya kwa fundi.

Kwa nini usiuache

Wapo wanaosema gari lolote la zamani lazima livuje kidogo, wakaendelea kuongeza oili tu. Hasara yake huja kwa njia tatu.

Ya kwanza ni oili kupungua bila wewe kujua. Injini ikiishiwa oili, vyuma husagana na kushika, na gharama yake inaweza kuzidi unachokimudu. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi si ya kusubiri. Inawaka kuonyesha kwamba presha ya oili imeshuka, si kwamba oili imepungua kidogo tu. Ikiwaka ukiwa njiani, simama mahali salama na uzime injini mara moja.

Ya pili ni moto. Kwenye injini hii, ekzosi iko upande wa nyuma, kuelekea kwenye kioo cha mbele cha gari. Gasketi ikivuja upande huo, oili inadondokea chuma chenye joto kali. Utaanza kusikia harufu ya oili inayoungua, hasa ukisimama baada ya kupanda mlima, au utaona moshi ukitoka kwenye boneti. Mvujo wa aina hiyo usisafiri nao hata siku moja. Oili inayodondokea ekzosi inaweza kuwaka.

Ya tatu ni gari kumisi. Plagi zimekaa ndani ya mashimo yanayopita katikati ya kifuniko. Pete za raba za mashimo hayo zikichoka, oili inajaa humo na kuharibu mpira wa koili. Gari linatetemeka, linakosa nguvu, na mwenye gari ananunua plagi na koili mpya wakati kosa ni raba.

Kijijini gari moja hubeba mambo mengi. Ndilo linalokwenda mnadani, na ndilo linaloitwa usiku mgonjwa akizidiwa. Likizimika katikati ya pori, hasara haiwi ya mwenye gari peke yake.

Hakikisha kwanza oili inatoka wapi

Oili huteremka, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma. Kwa hiyo tone unaloliona chini ya gari linaweza kuwa limetoka juu kabisa. Anza kuangalia juu ukishuka.

Injini ikiwa imepoa, futa oili yote kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni, kisha kausha. Usimwage maji juu ya koili, altaneta na soketi za nyaya. Petroli usiitumie kabisa kusafishia, mvuke wake unawaka upesi mno. Pembeni ya kifuniko palipokauka, nyunyiza poda ya mtoto kidogo sana. Endesha gari mwendo mfupi, zima, subiri lipoe, kisha tazama. Penye mvujo poda italowa na kuacha mstari mweusi.

Mstari ukianzia pale kifuniko kinapokutana na injini, gasketi ndiyo mhusika. Ukianzia chini ya hapo, mvujo ni wa kitu kingine, kwa mfano swichi ya presha ya oili, sili ya shafti ya chini, au gasketi ya silinda hedi.

Usichanganye gasketi hii na ya silinda hedi. Ya silinda hedi iko chini zaidi, kati ya hedi na bloku, na kuibadili ni kuivunja injini. Dalili zake ni kama maji ya rejeta kupungua bila kuvuja nje, oili kuwa na rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe mwingi usiokoma hata injini ikishapata moto. Kama dalili hizo hazipo na mvujo unatoka juu tu, usikubali injini ifunguliwe yote kabla gasketi ya kifuniko haijakaguliwa.

Angalia pia pumzi ya injini

Kuna jambo ambalo mara nyingi husahaulika. Injini inapofanya kazi, gesi kidogo hupenya kutoka kwenye silinda na kushuka upande wa oili. Gesi hiyo hutolewa kupitia vali ndogo iliyo kwenye kifuniko, inayoitwa vali ya PCV. Vali hiyo ikiziba kwa uchafu, presha hujaa ndani na kuisukuma oili nje. Ukiweka gasketi mpya bila kuigusa vali hiyo, nayo itaanza kuvuja mapema.

Itoe uvalishe mpira mdogo safi kwenye upande unaoingia kwenye kifuniko, kisha puliza. Hewa inatakiwa ipite kwa urahisi. Ukipuliza kutoka upande wa pili, ipite kwa shida. Puliza tu, usivute kwa mdomo, kwa sababu ndani yake mna mabaki ya oili na petroli. Kama imeziba pande zote au inapitisha hewa ovyo pande zote, nunua nyingine.

Kipimo kingine: injini ikiwa inaunguruma taratibu, fungua kwa uangalifu kifuniko cha kujazia oili. Mvuke kidogo ni kawaida. Moshi ukitoka kwa kishindo mfululizo na vali ya PCV ni nzima, huenda ringi za pistoni zimechoka. Gasketi peke yake haitatibu hilo.

Vifaa vya kuandaa

• Gasketi mpya ya kifuniko, pamoja na pete za mashimo ya plagi kama kwenye injini yako zinauzwa pembeni. Dukani taja aina ya injini, si jina la gari tu, maana jina moja la gari linaweza kuwa na injini tofauti. Ikiwezekana nenda na picha ya injini kwenye simu.
• Soketi namba 10 na mpini wake, koleo, na bisibisi bapa.
• Silikoni ya injini inayostahimili moto na oili. Tyubu ndogo inatosha na itabaki.
• Vitambaa safi visivyotoa nyuzi, maji ya sabuni, na kipande cha plastiki ngumu au kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa.
• Bakuli la kuwekea bolti.
• Simu yako yenye chaji, kwa ajili ya kupiga picha.

Kufungua

Chagua siku isiyo na upepo wa vumbi. Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, kisha weka mawe kwenye matairi. Injini iwe imelala usiku kucha ili iwe baridi kabisa. Fungua waya wa hasi wa betri. Watoto wakae mbali, na asiwepo mtu wa kuvuta sigara wala jiko la mkaa karibu.

Kabla ya kugusa kitu chochote, piga picha ya injini kutoka pande zote. Kila utakapochomoa waya au mpira, piga nyingine. Picha hizo ndizo zitakazokuongoza wakati wa kurudishia.

Kama kuna kifuniko cha plastiki cha urembo au boksi la chujio la hewa juu ya injini, vitoe. Chomoa soketi za koili kwa kubonyeza kikwamizo chake, usivute waya. Fungua bolti za koili, kisha chomoa koili moja moja na uzipange kwa mpangilio wake. Ukikuta oili kwenye shimo la plagi, inyonye kwa kitambaa hadi pakauke. Plagi ziache mahali pake. Ukizitoa mashimo yakiwa na oili, oili itaingia kwenye silinda.

Toa mipira ya hewa iliyoungana na kifuniko. Mipira ya zamani hupasuka haraka, kwa hiyo izungushe kidogo kabla ya kuivuta.

Sasa legeza bolti za kifuniko. Anza na za pembeni ukielekea katikati, kila moja kidogo kidogo, ukipishanisha upande huu na ule. Zihesabu na uzitie kwenye bakuli. Kama zina urefu tofauti, zichomeke kwenye kipande cha boksi ulichochora umbo la kifuniko, kila moja mahali pake.

Kifuniko kikigoma kutoka, kigonge taratibu pembeni kwa mpini wa mbao. Usichomeke bisibisi kati yake na injini ukakibandua kwa nguvu. Mkwaruzo mmoja kwenye alumini unaweza kuwa njia mpya ya oili.

Kusafisha ndiyo kazi yenyewe

Kifuniko kikitoka, funika injini mara moja kwa kitambaa safi. Chochote kitakachodondokea humo, iwe bolti, kipande cha raba au mchanga, kinaweza kuiua injini. Kabla ya kufunga, hakikisha kila ulichokuwa nacho mkononi kipo mezani.

Toa gasketi kuukuu kwenye mfereji wa kifuniko. Osha kifuniko kwa maji ya sabuni, sugua mfereji wote, suuza, kisha kianikwe mpaka kikauke kabisa, pamoja na kona zake za ndani. Kwenye injini, kwangua mabaki ya raba na silikoni ya zamani kwa plastiki au kijiti cha mwanzi, ukiyavutia nje. Msasa usiutumie, maana chembe zake ni mchanga na zitaingia kwenye oili. Malizia kwa kufuta sehemu zote za kukutania kwa kitambaa kikavu. Oili ikibaki hapo, silikoni haitashika.

Kufunga na kipimo cha nguvu

Ingiza gasketi mpya kwenye mfereji ikiwa kavu. Pita nayo kwa kidole mzunguko mzima. Isijikunje wala kunyanyuka popote.

Silikoni inahitajika mahali pachache tu. Kwenye injini hii ni pale mbele, ambapo kifuniko cha cheni kinaungana na hedi, pande zote mbili. Ukitazama utaona mstari wa maungio. Weka tone dogo kila upande, basi. Wapo wanaozungushia silikoni gasketi nzima wakidhani wanaongeza uimara. Inayozidi hubanwa ikaingia ndani, hukauka, hukatika vipande, kisha hushuka kwenye sampu na kuziba chujio la kunyonyea oili. Injini inakosa oili wakati oili imejaa.

Teremsha kifuniko wima, bila kukiburuza. Ingiza bolti zote kwa vidole kwanza. Inayogoma kuingia kwa vidole imekaa upande, itoe uanze upya. Kisha zikaze kwa mizunguko mitatu, ukianzia katikati kwenda pembeni na kupishanisha pande.

Je, nguvu kiasi gani? Kipimo cha bolti hizi ni takriban nyutoni mita 10, ambacho ni kidogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Kama una spana ya kupimia nguvu, itumie. Kama huna, jaza dumu la maji la lita 5, linyanyue, mkono uuzoee uzito wake. Nguvu ya uzito huo, ukisukuma mpini mahali palipo sentimita 20 kutoka kwenye bolti, ndiyo inayotakiwa. Ikifikia hapo, acha, hata kama mkono unatamani kuongeza.

Rudisha mipira, koili, soketi na boksi la hewa ukifuata picha zako. Malizia na waya wa betri. Kabla ya kuwasha, acha silikoni ishike kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu.

Baada ya kufunga

Pima oili kwa kijiti chake gari likiwa tambarare. Iwe kati ya alama mbili. Ikipungua ongeza kidogo kidogo, usipitishe alama ya juu. Washa injini, iache iungurume kwa dakika kumi huku ukitazama pande zote za kifuniko, hasa nyuma. Moshi kidogo wa oili iliyobaki kwenye ekzosi unaweza kutokea, lakini unatakiwa upungue na kukoma. Ukizidi, zima na utafute sababu.

Baada ya safari ya kwanza, na tena baada ya wiki moja, tazama ukiwa na tochi ya simu. Pakiwa pakavu, kazi imekwisha. Usirudi kukaza bolti eti kwa usalama zaidi. Ukiona pamelowa, fungua uangalie kama gasketi ilikunjika au uchafu ulibaki.

Vitambaa vyenye oili na mabaki mengine usivitupe karibu na kisima, mto au malambo ya mifugo. Viweke kwenye chombo kilichofungwa, mbali na moto, uvipeleke gereji wanakokusanya oili chafu.

Wakati wa kumwachia fundi

Mwachie fundi kama injini ni ya dizeli yenye nozeli zinazopita kwenye kifuniko, au ni ya silinda sita ambayo upande mmoja umefunikwa na mifereji ya kuingiza hewa. Mwachie pia kama bolti imekatikia ndani, kifuniko kimepinda au kina ufa, au mvujo unatoka chini ya hedi.

Hata ukimpa fundi, sasa unajua mambo manne ya kumwomba kwa heshima: gasketi iwe mpya, vali ya PCV ikaguliwe, silikoni isizungushiwe kote, na bolti zisikazwe kwa hasira. Fundi mzuri hatachukia kuulizwa.

Kama umekwama kwenye hatua yoyote, piga picha inayoonyesha vizuri, andika aina ya injini yako, na ututumie kwa namba ya ujumbe ya kituo. Maswali yanayofanana tutayajibu hewani, ili na jirani yako asikie.